Siku Tuliyolikata Beseni la Wazungu

Wacha niseme ukweli mapema: mimi ndiye niliyetaka lile beseni litoke. Watu wa kwetu humwambia mume wangu kwamba mama alikuwa amelichoka, lakini mama hakulichoka hata siku moja. Ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeshachumbiwa, wakwe wanakuja Jumamosi, na katikati ya ua wetu kulikuwa na dude ambalo hata mbuzi wa mahari wasingepata pa kulipitia.

Tuliishi Huruma, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vilivyozunguka ua mmoja, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea Mathare. Mama na mimi tulikuwa na vyumba viwili vya mwisho, kando ya bomba la maji. Baba alituacha nikiwa darasa la pili, akaenda kuoa kwingine, na jamaa zake wote wakanyamaza siku hiyo hiyo. Mama akabaki na mimi na kazi ya kuwafulia wazungu fulani upande ule mwingine wa mji, kwenye nyumba zenye miti mingi na mbwa wenye majina ya watu.

Wale wazungu walipofunga virago kurudi kwao, walimwambia mama achague kitu kimoja kikubwa abaki nacho. Palikuwa na makochi ya ngozi. Palikuwa na friji ndefu kunizidi. Mama akachagua beseni la kuogea lililokuwa nyuma ya nyumba yao, kwenye majani. Nililia, haki ya Mungu. Nilikuwa nimeshawaambia marafiki zangu wote kuhusu ile friji.

Lilikuwa beseni la duara, la rangi ya samawati, pana kuliko kitanda chetu, lina viti ndani yake na vitundu pembeni vya kutoa maji kwa nguvu. Majirani walitaka kujua lilikuwa la kazi gani huko lilikotoka, na mama aliwaeleza bila kucheka.

"Wanaingia watu sita, wanaume kwa wanawake. Maji ni moto. Wanakaa."

"Wanaoga?"

"Hawaogi. Hawana hata sabuni. Wanakaa tu, wanaongea."

"Uongo!" akasema jirani yetu muuza chapati, na hajaamini mpaka leo.

Lakini mama alijua alichokuwa akifanya. Aliziba vile vitundu kwa vitambaa na nta ya mshumaa, na siku maji yalipokuja akalijaza. Kisha akaanza kwenda sokoni Gikomba kununua mapazia ya mitumba, yale mazito ya mahameli ambayo wanawake wengine waliyaogopa kwa sababu karai la kawaida haliyawezi. Aliyaloweka humo, akayakanyaga kwa miguu akiwa ameinua sketi hadi magotini, akaimba. Yalitoka mapya kabisa. Nusu ya nyumba za Umoja na Dandora zilifungwa mapazia ya mama. Mimi nilisomeshwa na lile beseni, tangu darasa la saba hadi chuo cha uhazili, na bado nilikuwa nalionea haya. Ujana ni kitu cha ajabu, wacha tu.

Sasa, wakati tunakuja kwenye ule mwaka wa posa yangu, beseni lilikuwa limechoka. Lilikuwa na ufa chini, linavuja usiku na mchana, na pale lilipovuja palikuwa na kinamasi cha mbu. Mama alikuwa tayari ameanza kununua mapazia mepesi yanayofuliwa kwenye karai. Lakini kulitoa hakutaka. Kila nikisema, anasema, "Linakula nini kwako?"

Mjomba ndiye aliyeleta tarehe ya mwisho. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa mama, karani wa miaka mingi, mwenye nyumba ya ghorofa moja Buruburu na sofa zilizofunikwa vitambaa vya kufuma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu anapenda kusimama mbele ya watu. Na kwa kuwa baba hakuwepo, yeye ndiye aliyestahili kuzungumza na wakwe kwa niaba yetu. Hilo hakuna aliyelipinga. Ubishi ulikuwa ni wapi.

Alikuja Jumanne jioni, akasimama kwenye ua, mikono mfukoni, akalitazama beseni na kinamasi chake.

"Dada, mahari haizungumziwi kwenye ploti ya kupanga, kando ya choo cha vyumba kumi na viwili. Waje kwangu."

"Mtoto ni wangu," mama akasema.

"Ndiyo ni wako. Kwani nimesema ni wa nani? Lakini watu kumi na watano watakaa wapi hapa? Ndani ya hili? Basi, mkiliondoa kabla ya Jumamosi, nitakuja hapa hapa niwapokee. Mkishindwa, ni kwangu, na yasiwe maneno."

Alipoondoka, mama akarudi kukunja mapazia yake. Mimi nilifurahi kimoyomoyo. Nikamwambia kwa Mjomba ni pazuri, kuna sofa, kuna choo cha ndani, yeye anasumbukia nini? Akaliweka chini lile pazia.

"Wakienda kwake watamuuliza yeye. Watasema, baba, tumeona ua zuri kwako. Naye atajibu. Mimi nitakuwa jikoni kwa mke wake nakata vitunguu. Miaka kumi na minane nimekulea katika hivi vyumba viwili. Nataka watu wa huyo kijana waje mlangoni pangu wabishe hodi. Siku moja tu. Baada ya hapo wakitaka hata juu ya paa, tutaenda."

Niliona haya mpaka nikashindwa kumtazama. Siku ile niliacha kupiga hesabu za sofa, nikawa upande wa mama, na mimi nikiwa upande wako ujue sina mchezo.

Alhamisi nikaleta hamali wawili na mkokoteni wao. Vijana wenye vifua. Walilizunguka beseni, wakalipiga teke, wakalizunguka tena.

"Mathe, hii kitu iliingia aje?" mmoja akauliza.

"Ilipitia pale getini."

"Hiyo geti?"

Hapo ndipo mama aliposhika mdomo. Lilipoingia, hapakuwa na geti. Palikuwa na ua wa mabati yaliyofungwa kwa waya, yakafunguliwa, likapita. Miaka miwili baadaye mwenye ploti akajenga stoo mbili za mawe na katikati yake geti la chuma, na katika watu wote tuliokaa mle, tukiwatazama mafundi wakipandisha mawe wiki nzima, hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba lile beseni lilikuwa linafungiwa ndani. Mama mwenyewe aliwapikia wale mafundi chai.

Hamali wakasema watajaribu. Wakalisimamisha ubavu, wakalisukuma kama gurudumu, sisi tukiongoza, "Kulia! Kushoto! Pole pole!" Likaingia getini hadi nusu. Halafu likakwama. Halitoki, halirudi. Kwa muda wa saa nzima na nusu ploti yetu haikuwa na mlango. Muuza chapati alikuwa ndani na beseni lake la chapati za moto, wateja wake wako nje wanamwita. Ikabidi chapati zipitishwe moja moja juu, na pesa zirudi kwa njia hiyo hiyo. Mpangaji mmoja, askari wa zamu, alitambaa kwa tumbo na sare yake ya kazi, akatoka na vumbi hadi kwenye kofia, akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Tulilipaka mafuta ya kupikia ndipo likarudi nyuma. Hamali wakaifuta mikono.

"Hapo hakuna, mathe. Uza nyumba hii kitu ikiwa ndani," wakasema, wakaenda zao wakicheka.

Ijumaa nikaenda kwa mwenye ploti kumwomba ang'oe geti siku moja tu, tulirudishe kwa gharama zetu. Akanitazama juu ya miwani.

"Geti langu liliwakosea nini?"

Nikamwambia geti lake linafanana na yeye. Sikupaswa kusema hivyo, najua. Nikarudi nyumbani nimefura hasira, nikamwambia mama basi, tumeshindwa, nimpigie Mjomba simu. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa beseni anakunywa chai.

"Kama halitoki zima," akasema, "litatoka vipande."

Kulikuwa na fundi wa baiskeli jirani mwenye msumeno wa kukatia chuma. Yeye ni Msabato, kesho yake asingegusa chombo cha kazi hata umpe nini, lakini alituazima msumeno kabla ya jua kuzama, na nyembe tatu za akiba. Kwa hiyo hatukuwa na fundi. Tulikuwa na msumeno, mama, mimi, na muuza chapati aliyekuja kwa udaku akajikuta anafanya kazi.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa uani. Mama alivaa rinda la zamani lisilo na mikono. Akaushika msumeno, akauweka kwenye ukingo, akautoa. Akalipiga beseni kofi dogo, vile unavyompiga ng'ombe mgongoni ukimwambia asogee. Nikamwambia, mama, nipe mimi nianze. Akakataa.

"Nililileta mimi," akasema, akavuta.

Lo! Lile beseni halikuwa plastiki ya kawaida. Lilikuwa ni faiba, plastiki ngumu iliyosukwa na nyuzi nyembamba za kioo, na kila msumeno ulipokwenda na kurudi lilitema vumbi jeupe lililometameta juani. Tulilisifu lile vumbi! Muuza chapati alisema linafaa kupambia keki ya harusi. Mama alikata, akachoka, akapumzika, akakata tena. Mimi nilimpokea mara mbili tatu lakini nyembe mbili zilikatikia mikononi mwangu, akaninyang'anya. Alilikumbatia kabisa, tumbo limeegemea ukingoni, mikono imezama ndani. Kufikia saa tatu hapakuwa na beseni tena. Palikuwa na vipande, vingine vina umbo la kiti.

Kumbe kilichoshindikana kutupwa kizima, kikikatwa kila mtu anakitaka. Askari wa zamu alichukua kimoja akafunike mtaro mlangoni pake. Muuza chapati akachukua kile chenye kiti, na kwa miaka mingi baadaye alikalia hicho akikaanga. Vilivyobaki walikuja kuvichukua wale wale hamali, safari hii hawacheki, wakasema kuna mtu bondeni anafuga nguruwe na banda lake halina paa. Nililiona geti likivipitisha kimoja kimoja, nikataka kulitolea ulimi.

Sasa ua ulikuwa wazi, mkubwa ajabu, nikampigia mchumba wangu simu awalete watu wake kwetu, na Mjomba pia, ambaye hakuniamini. Na hapa ndipo tulipofanya upuuzi wetu. Tulifagia. Tulifagia kwa ufagio mkavu, kwa nguvu, tukipeleka vumbi lote hewani ili ua upendeze. Mama akatoa mapazia yake mazuri kuliko yote, ya rangi ya dhahabu, akayatundika kuzunguka kuta ili wageni wasione choo. Tukapanga viti tulivyoazima kanisani. Kisha, kwa kuwa siku ni kubwa, tukachemsha maji tukaoga ya moto sana, tukajisugua.

Nilianza kuwashwa nikiwa navaa. Kwanza shingoni. Halafu mgongoni. Nikafikiri ni lile gauni la kuazima. Nikatazama dirishani, nikamwona mama na kitenge chake kipya, amesimama katikati ya ua wake, anajikuna mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto na wa kushoto kwa wa kulia. Muuza chapati alikuwa anajisugua mgongo kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Na wakati huo huo, getini, tukasikia hodi, na mbuzi.

Watu wa mchumba wangu ni wa kutoka Ukambani, na walikuja kwa heshima zao zote, watu kumi na watatu na mbuzi watatu. Aliyewaongoza alikuwa baba mkubwa wa mchumba wangu, mzee mkavu mwenye koti la suti na fimbo, ambaye nilikuwa nimeonywa kwamba hacheki. Mjomba alifika nyuma yao dakika chache baadaye, amevaa suti ya kijivu. Alipoona ua uko wazi alishtuka, nikamwona. Lakini alijikaza haraka, akaanza kuwakaribisha watu na kuwapangia viti kama kwamba alikuwa amelala hapo. Mama akaelekezwa kiti cha nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Akakaa. Mimi, kwa desturi, nilifichwa ndani, jicho moja kwenye pazia.

Maombi yakafanywa. Wakati wa maombi, macho yakiwa yamefumbwa, niliona ua mzima ukijikuna. Dada wa mchumba wangu alikuwa amesugua bega kwenye pazia la dhahabu, na ndiyo akaharibu zaidi. Mchumba wangu alikuwa anakunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Mama wa watu mmoja alijikuna chini ya kilemba kwa ufunguo. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilijua watasema wametembelea nyumba ya kunguni, watachukua mbuzi wao na kijana wao, na mama hatabishiwa hodi tena maisha yake yote.

Mjomba akasimama. Yeye alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa, alichokuja nacho kutoka kwenye gari lake, na hakuwashwa hata kidogo.

"Wageni wetu," akasema, "mmefika kwenye boma. Mimi kama mwenye boma, nimehakikisha kila kitu..."

"Samahani, bwana," yule mzee akamkatiza. Alikuwa ameinua mkono wake mwenyewe karibu na macho, anautazama upande wa jua. "Hapa kumekatwa nini leo?"

Mama akainamisha kichwa.

"Hakuna kilichokatwa, mzee," Mjomba akasema.

"Kuna faiba imekatwa."

"Aa, hiyo! Ndiyo, kulikuwa na kitu kidogo cha kuondoa uani. Mimi mwenyewe niliisimamia hiyo kazi."

Mzee akaegemeza fimbo kwenye kiti.

"Nimetengeneza matangi ya hii kitu miaka ishirini na miwili kiwandani," akasema. "Msijikune, watu wangu, mnaiingiza ndani. Maji baridi, na msisugue. Na kama kuna aliyeoga maji ya moto, ngozi imeshafunguka, pole yake." Mahali fulani muuza chapati alitoa sauti. "Kiwandani mtu hawezi kudanganya kwamba alifanya kazi. Aliyefagia anawashwa shingo. Aliyebeba anawashwa viganja. Wewe, bwana, hebu nione mikono."

Mjomba akaitoa, nadhani kwa mshangao tu. Ilikuwa safi, imepakwa mafuta.

Yule mzee hakusema neno baya. Aliipa mikono hiyo shukrani kwa kichwa, akainuka, akaanza kupita katikati ya viti, polepole, akitazama mikono ya watu wetu mmoja mmoja, hadi akafika nyuma, mlangoni pa jikoni. Mama alikuwa ameificha yake chini ya kitenge. Mzee akasubiri. Mama akaitoa. Ilikuwa myekundu tangu vidoleni hadi juu ya viwiko, imevimba.

"Wewe ndiye uliyekata," mzee akasema.

"Ndiyo."

"Lote?"

"Halikutoka mlangoni," mama akasema kwa sauti ndogo. "Na mlikuwa mnakuja."

Mzee akarudi hadi mbele, akakichukua kiti chake yeye mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akakileta nyuma akakiweka mbele ya mama. Watu wake wakatazamana, kisha mmoja mmoja wakainuka na viti vyao wakamfuata, hata mbuzi wakavutwa, mpaka mlango wa jikoni ukawa ndio mbele na Mjomba akabaki peke yake upande wa geti, amesimama. Baada ya muda naye akabeba kiti chake akaja. Akakaa nyuma.

"Mama," yule mzee akasema, "tumebisha hodi kwako. Kuna ua tumeliona hapa ndani. Tumuulize nani?"

Mimi kule ndani nilikuwa nalia na kujikuna. Mama alisimama. Alijaribu kukunja mikono kifuani, ikamwasha, akaiacha ining'inie hivyo hivyo, myekundu, mbele ya wote.

"Niulizeni mimi," akasema.